Mitungi ya Zamani ya Kupigia Mbizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kipimo cha Presha

Mtu akirithi mtungi wa zamani, au akiuokota mnadani kwa bei ya kutupa, maswali huwa ni yaleyale. Hapa tumeyakusanya, tumeanza na yale rahisi halafu tunaenda kwenye yale yanayozua ubishi. Ukiona jibu linakurusha kwenye swali jingine, nenda kasome na hilo, manake hatutarudia.

## Mambo ya msingi

Haidro ni nini hasa, wanaufanya nini mtungi wangu?

Haidro ni kipimo cha presha kinachofanywa kwa maji. Fundi anavua valvu, anaujaza mtungi maji mpaka juu, anautumbukiza kwenye tangi kubwa la chuma ambalo nalo limejaa maji, anafunga, kisha pampu inasukuma maji zaidi ndani ya mtungi mpaka presha ifike kiwango cha kipimo. Kwa mitungi mingi ya Kimarekani kiwango hicho ni presha ya kazi (ile ya kujazia hewa kwa kawaida) zidisha kwa 5 gawanya kwa 3. Mtungi wa psi (pauni kwa inchi ya mraba) 2250 unapandishwa hadi 3750, wa psi 3000 unapandishwa hadi 5000. Presha inashikiliwa hapo angalau sekunde 30.

Ikiwa juu hivyo mtungi unavimba kidogo, huwezi kuona kwa macho, ila maji ya tangi la nje yanasukumwa na kupanda kwenye bomba la kioo lenye vipimo (siku hizi mara nyingi ni mizani ya kidijitali). Hiyo ndiyo namba ya kwanza, uvimbe wote. Presha ikishatolewa mtungi unatakiwa urudi ulivyokuwa, na kile kisichorudi ndiyo namba ya pili, uvimbe wa kudumu. Ni kama lastiki ya suruali, ikiwa nzima unaivuta inarudi, ikichoka inabaki imelegea. Sheria ya Marekani inasema uvimbe wa kudumu usizidi asilimia 10 ya uvimbe wote. Mfano, uvimbe wote ni sentimita za ujazo 150 na wa kudumu ni 9, hiyo ni asilimia 6, umepita. Ukiwa 16, hiyo ni karibu asilimia 11, mtungi umekwisha na hakuna kubembelezana.

Kwa nini maji, si wangejaza hewa tu wakaona kama utapasuka?

Kwa sababu maji hayabanwi. Mtungi ukipasuka ukiwa na maji, presha inashuka ghafla, unasikia mlio na maji yanamwagika, basi. Ukipasuka ukiwa na hewa ya presha hiyo ni bomu, hakuna jina jingine, ukuta wa karakana haubaki. Kwa hiyo ukimwona mtu "anapima" mtungi kwa kuujaza hewa kupita kiasi nyuma ya nyumba, ondoka eneo hilo kwanza, mengine mtayazungumza kwa simu.

Mtungi wa mwaka 1965 si umeshazeeka tu, kwa nini nihangaike nao?

Umri peke yake hauui mtungi wa chuma. Mitungi ya chuma ya miaka ya 1950 na 1960 iliyotunzwa inapita haidro mpaka leo, na wengine wanaipenda kuliko ya alumini kwa sababu haielei mwisho wa mbizi kama alumini. Kinachoua ni maji yaliyoingia ndani, moto, na valvu mbovu, pamoja na mtu aliyewahi kuufanyia ujanja. Historia ya mtungi ina uzito kuliko mwaka uliogongwa begani, pale juu chini ya shingo. Alumini ni habari tofauti kabisa, kuna sehemu yake huko chini.

Nikishapita haidro basi mtungi ni salama?

Hapana, na hili ndilo linalochanganya wengi. Haidro inajibu swali moja tu: je, chuma bado kinarudi kikivutwa? Haikuambii kama ndani kuna shimo la kutu linalochimba taratibu, wala kama shingoni kuna ufa mdogo, na valvu haimo kabisa kwenye kipimo kwa sababu ilishavuliwa. Mtungi wenye ufa shingoni unaweza kupita haidro asubuhi. Ndiyo maana ukaguzi wa macho, ndani na nje, unaenda sambamba na haidro, na kwa alumini za zamani kuna kipimo cha tatu.

Ni kila baada ya muda gani?

Marekani haidro ni kila miaka 5, na maduka ya mbizi yanadai ukaguzi wa macho kila mwaka. Huo wa kila mwaka ni utaratibu wa watu wa mbizi wenyewe, serikali inadai ukaguzi wakati wa haidro tu, lakini bila stika ya mwaka duka halikujazii, kwa hiyo kwako wewe ni sawa tu na sheria. Uingereza ni haidro kila miaka 5 na ukaguzi wa ndani kila miaka 2 na nusu. Ulipo wewe fuata ya huko, na ukiwa na mtungi wa nchi nyingine soma swali la mitungi ya kigeni mwishoni.

## Kusoma mihuri

Begani kuna maandishi mengi, nisome nini?

Chukua brashi laini na kitambaa, safisha bega pole pole, kisha mulika tochi kwa pembeni ili herufi zitoe kivuli. Utakuta kitu kama ICC-3AA2250 au DOT-3AA2250. ICC ni mamlaka ya zamani ya Marekani, kazi yake ilihamia DOT, idara ya usafirishaji, mwaka 1967, kwa hiyo mtungi wa ICC ni mzee kidogo ila ni halali vilevile. 3A ni chuma cha kaboni, 3AA ni chuma cha aloi chenye nguvu zaidi, na 3AL ni alumini. Alumini za miaka ya 1970 hazina 3AL, zina SP6498 au E6498 kwa sababu zilitengenezwa kwa kibali maalumu kabla ya 3AL kuwepo. Namba ya mwisho ndiyo presha ya kazi kwa psi.

Chini yake kuna namba ya mtungi, alama ya kiwanda, na tarehe ya kipimo cha kwanza, mwezi na mwaka, kwa mfano 6 65 katikati kukiwa na alama ya mkaguzi. Tarehe zinazofuata ndizo haidro za baadaye. Muhuri wa siku hizi una mwezi kushoto na mwaka kulia, katikati kuna alama nne, herufi na namba, zilizopangwa kimraba, unazisoma kwa kufuata mzunguko wa saa ukianzia juu kushoto. Hiyo ni namba ya kituo kilichopima. Pengo la miaka 30 kati ya tarehe mbili siyo kosa, linakuambia tu kwamba mtungi ulilala muda huo wote, na sasa swali ni ulilalaje.

Mitungi ya Ulaya ina lugha yake, presha ya kazi na presha ya kipimo zote zinagongwa kwa bar, ambayo ni kipimo chao cha presha badala ya psi, na ya kipimo huwa ni mara 1.5 ya ya kazi. Wa bar 200 unapimwa kwa bar 300, wa 232 unapimwa kwa 348.

Alama ya + baada ya tarehe inamaanisha nini?

Inamaanisha mtungi wa chuma wa 3A au 3AA umeruhusiwa kujazwa asilimia 10 zaidi ya presha iliyogongwa. Ule mtungi maarufu wa chuma wa futi za ujazo 72, wenye ujazo wa maji wa kama lita 12, umegongwa 2250 lakini zile futi 71 na ushee zinapatikana ukijazwa psi 2475. Bila + unaishia kama futi 65, yaani unapunjwa hewa na mtungi wako mwenyewe.

Sasa sikiliza hapa. Ile + ya kiwandani haidumu milele, inatakiwa kutolewa upya kila haidro, na fundi lazima alinganishe uvimbe wa mtungi na kikomo cha aina hiyo ya mtungi. Vituo vingi vinapima vizima moto na mitungi ya kulehemu siku nzima, wakiona mtungi wako wanapima kawaida na kugonga tarehe bila +. Mwambie fundi KABLA hajaanza, muulize kama ana kikomo hicho kwa mtungi wako, manake mitungi mingi ya zamani haijagongewa. Ikishagongwa tarehe ndiyo imetoka hiyo. Alumini hazipewi + kabisa, usiulize.

Namba zimefutika, naweza kuzigonga upya?

Usithubutu. Alama zisiposomeka kituo kitaukataa, na ukigonga mwenyewe umefanya kosa la kisheria na umechimba vishimo kwenye bega. Hata kusugua bega kwa grainda ili ling'ae ni kuharibu.

## Siku ya kupeleka

Niuandae vipi?

Vua kiatu cha plastiki chini, vua wavu, vua mikanda. Watu wanasahau kiatu, na hapo ndipo kutu inapopenda kukaa kwa sababu maji ya chumvi yanabaki humo wiki nzima. Ukikuta duara la kutu pale ambapo kiatu kiligusa, lisugue kwa brashi ya mkono uone kina chake. Unga mwekundu unaofutika siyo shida, ila vishimo vilivyopangana mstari ni shida kubwa. Toa stika zote, na mitungi pacha itenganishe, kila mmoja unapimwa peke yake na chini ya mikanda ndiyo kuna siri.

Toa hewa yote polepole. Valvu mwachie fundi aivue, soma kwanza swali la mtungi unaoonekana mtupu kabla hujashika spana.

Hivi haidro yenyewe haiuchoshi mtungi?

Wasiwasi huu upo sana na hauna msingi. Presha ya kipimo imewekwa chini ya kiwango ambacho chuma kizima kinaanza kunyooka moja kwa moja, na mtungi unaguswa hivyo mara moja kila miaka 5. Kuna jambo dogo la kweli humo ndani, kwamba mtungi ukipandishwa zaidi ya asilimia 90 ya presha ya kipimo kabla ya kipimo chenyewe, majibu yanaharibika, kwa sababu sehemu ya uvimbe wa kudumu inakuwa imeshatokea na haitaonekana. Mashine ikigoma katikati, sheria inamruhusu fundi kurudia kwa kuongeza asilimia 10 au psi 100, ile iliyo ndogo. Siyo kurudia rudia mpaka upite.

Nitajuaje kituo kinajua kazi?

Uliza kama wana mtungi wa kulinganishia, yaani mtungi ambao uvimbe wake unajulikana na unatumika kuhakiki mashine siku ya kazi kabla ya kupima ya wateja. Akikushangaa, chukua mtungi wako nenda. Kitu kingine, uliza wanakausha vipi. Chuma kikitoka haidro kina maji ndani, kikiachwa kinapata kutu ya rangi ya chungwa ndani ya muda mfupi sana, kwa hiyo lazima kipulizwe hewa kavu yenye joto mara moja. Mulika ndani kabla valvu haijarudishwa. Mtungi uliopita kipimo halafu ukarudishwa ukiwa na unyevu umeanza safari ya kufa siku hiyo hiyo.

Naweza kupima mwenyewe nyumbani?

Pampu ya grisi na geji ya mtandaoni inakuonyesha kama unavuja, haipimi uvimbe, na hakuna duka litakaloheshimu. Kagua kwa macho kadiri unavyotaka, hilo ni zuri. Kupima waachie wenye kibali.

Haidro ikiisha muda mtungi ukiwa umejaa?

Kwa kanuni za Marekani unaweza kutumia hewa iliyomo mpaka iishe, usichoruhusiwa ni kuujaza tena baada ya tarehe. Hapo tunaongelea miezi. Kama umejaa tangu miaka ya 1980 soma swali la hewa ya zamani.

Mtungi umeshindwa haidro. Nini kinatokea?

Fundi anagonga mistari ya X juu ya presha ya kazi, au anagonga neno la kuukataa kabisa (CONDEMNED), na umekufa kisheria moja kwa moja, hauwezi kupimwa tena mahali pengine. Kuutoboa au kuukata vipande ni mpaka wewe mwenye mali uagize, kwa hiyo usikubali kuambiwa "tumeshautupa". Ila kukataliwa kwenye ukaguzi wa macho na duka ni jambo jingine, hapo unaweza kusafisha ukarudi au ukatafuta jicho la pili.

## Mitungi ya chuma

Ndani kuna kutu, ndiyo basi?

Siyo lazima. Kutu laini kama vumbi juu ya ukuta inatolewa kwa kuzungusha mtungi ukiwa na vipande vya kusugulia ndani, masaa kadhaa, kisha unaoshwa, unakaushwa na unaangaliwa tena. Kinachoamua ni kile kinachobaki baada ya kusafisha. Vishimo vichache vifupi vilivyotawanyika vinaweza kuvumilika, vishimo vilivyoungana kuwa mstari au kujikusanya kwenye kona ambapo ukuta unakutana na kitako ni sababu ya kuukataa. Kabla ya kufungua valvu kuna dalili ya bure: angalia kile kichujio kidogo kwenye mdomo wa regileta, kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye valvu. Kikiwa na wekundu, mtungi unamwaga kutu ya chuma. Ukijani ni shaba, maji yameingia kwenye regileta yenyewe. Unga mweupe au wa kijivu ni alumini.

Ndani umepakwa kitu kama rangi au plastiki. Ni nini?

Ni lainingi. Miaka ya 1960 na 1970 baadhi ya mitungi ilipakwa epoksi ndani ili kuzuia kutu, wazo zuri kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba ikipata mwanya mdogo maji yanapita chini yake, kutu inakula kimya kimya na hakuna jicho linaloona, halafu lainingi inabanduka vipande na kuziba valvu. Maduka mengi hayajazi mtungi wenye lainingi, na tunawaunga mkono. Lazima itolewe yote, ni kazi ngumu na ya gharama, na mara nyingine ikitoka ndipo unagundua ulikuwa unabeba nini mgongoni.

Naweza kupaka rangi upya?

Kwa brashi au spreya ya kawaida ndiyo. Usichome rangi ya zamani kwa moto, na usipeleke kwenye ile rangi ya unga inayookwa ovenini. Alumini iliyofikia nyuzi joto 177 za Selsiasi inatakiwa iharibiwe kabisa, nguvu yake inatokana na matibabu ya joto na ukiipasha tena umeiondoa. Chuma kina uvumilivu zaidi lakini chenye dalili za moto nacho hakirudi kazini hivi hivi. Ukinunua mtungi wa zamani wa alumini unang'aa kama gari jipya, muulize muuzaji rangi hiyo imepakwaje. Akisita, acha. Na dawa ya kutoa rangi yenye magadi makali inakula alumini, usiiguse.

## Mitungi ya alumini

Nimesikia alumini za zamani zinapasuka shingoni, ni kweli au stori?

Ni kweli. Mitungi mingi ya alumini ya miaka ya 1970 na 1980 ilitengenezwa kwa aloi ya 6351, na aloi hii ikikaa na presha muda mrefu inaweza kuota ufa shingoni na begani, ufa unaokua taratibu miaka na miaka. Mingi haikuota kitu. Ila ile iliyoota, baadhi ilipasuka wakati inajazwa, na aliyesimama karibu na kompresa ndiye aliyelipia. Watengenezaji wa mitungi Luxfer walihamia aloi ya 6061 mwaka 1988 kwa mitungi ya mbizi ya Marekani, wakati wenzao Catalina walitumia 6061 tangu mwanzo. Hiyo 6061 haina ugonjwa huu.

Kipimo cha edi ndiyo kipi, na kinanihusu?

Kama mtungi wako ni wa 6351 kinakuhusu. Kihisio kinazungushwa ndani ya nyuzi za shingo, ile mikato ya kuskrubia valvu, kinapitisha mkondo mdogo wa umeme kwenye alumini, na penye ufa mkondo unavurugika na mashine inaonyesha. Sheria ya Marekani tangu 2007 inalazimisha mitungi ya 6351 ya mbizi ipitie kipimo hiki pamoja na ukaguzi wa macho kila haidro, na ufa uliovuka nyuzi 2 au zaidi ni kifo. Maduka mengi yanataka kila mwaka. Mtungi wa chuma hauhitaji kipimo hiki, ukiambiwa ulipie muulize ni kwa ajili gani.

Sasa nitumie au nisitumie hiyo 6351?

Kisheria ikipita vipimo vyote inatumika. Kiuhalisia duka nyingi hazijazi alumini yoyote ya kabla ya 1990, hata uje na makaratasi, na duka lina haki hiyo kwa sababu anayesimama pembeni ni mfanyakazi wao, siyo wewe. Ushauri wetu uko wazi: chuma cha zamani kihangaikie, 6351 iache. Hela ya edi na haidro iweke kwenye 6061 iliyotumika kidogo, utalala vizuri. Na kujaza 6351 hewa yenye oksijeni nyingi, usifikirie kabisa.

## Valvu na nyuzi

Mtungi umepita, valvu ya zamani naweza kuirudisha?

Baada ya kuifanyia matengenezo, ndiyo. Badilisha oringi zote (pete za mpira za kuzibia), na badilisha diski ya usalama, kile kisahani chembamba cha shaba nyekundu kinachopasuka presha ikizidi. Valvu za zamani sana zina plagi iliyojazwa risasi badala ya diski ya kisasa, hiyo itolewe, na kwa mtungi unaotaka + ni sharti. Diski iendane na mtungi, inatakiwa ipasuke karibu na presha ya kipimo bila kuipita. Kuna watu walikuwa wanaweka diski mbili juu ya moja ili isiwasumbue, ukikuta hivyo jua mtungi huo uliwahi kujazwa kupita kiasi, na uangalie na mengine kwa jicho hilo.

J-valvu ni nini na kwa nini inasumbua?

Ni valvu yenye mkono wa akiba pembeni. Kabla ya geji kuwa za kawaida, springi ndani ilikuwa inafunga hewa ikibaki kama psi 300 hadi 500, mzamiaji akihisi hewa nzito anavuta fimbo, mkono unashuka, anapata ile akiba na kupanda juu. Kujaza kunafanyika mkono ukiwa CHINI. Ukiwa juu, ujazo unakuwa wa ovyo na springi inateseka.

Mtungi unaonekana mtupu, nifungue valvu?

Subiri. Hapa ndipo watu wanapoumia. Kama ni J-valvu na mkono uko juu, mtungi unaweza kuwa na psi mamia ndani wakati mdomoni hautoki hata pumzi. Shusha mkono, fungua kitasa, sikiliza, acha wazi. Hata hivyo valvu inaweza kuwa imeziba kwa kutu, au kale kabomba kanakoning'inia ndani chini ya valvu kameziba, kwa hiyo ukimya siyo ushahidi. Fundi anapuliza hewa ya presha ndogo kupitia mdomo wa valvu kuhakikisha njia ipo wazi kabla hajagusa spana. Ukianza kulegeza na ukasikia "ssss" kwenye nyuzi, simama hapo hapo, kaza kidogo, mpe mwenye ujuzi. Na usikae mbele ya valvu, kaa ubavuni.

Imekwama? Usipige nyundo, usipashe moto.

Nyuzi za valvu zinafanana, naweza kuchanganya?

Hapana, hapana. Shingo nyingi za Kimarekani ni robo tatu ya inchi, nyuzi zilizonyooka, oringi ndiyo inaziba. Ulaya kuna M25, yaani nyuzi za milimita 25. Valvu ya M25 ni nyembamba kidogo, na inaingia kwenye shingo ya robo tatu, inakaza, inaonekana imeshika, kisha siku presha ikipanda inaruka kama risasi. Soma alama kwenye valvu NA kwenye mtungi, usipime kwa mkono. Mitungi ya miaka ya 1950 ina nyuzi nyembamba za nusu inchi zinazokwenda zikikaza, hizo zinazibwa kwa tepu na zinaisha kila zikifunguliwa, kwa hiyo zifunguliwe tu panapobidi.

## Kesi ngumu

Nimeukuta umejaa hewa ya miaka 30, naweza kuivuta?

Usivute. Chuma kikipata kutu kinakula oksijeni ya hewa ileile iliyomo, mtungi uliofungwa na unyevu ndani unaweza kuwa na hewa yenye oksijeni kidogo mno, geji inasoma imejaa, wewe unazimia bila onyo. Itoe yote nje palipo wazi, taratibu. Kisha ndiyo ukaguzi na haidro.

Ulikuwa kwenye nyumba iliyoungua, nje hauonekani kuharibika.

Alumini, uharibu. Chuma, mwambie fundi ukweli wote, usimpe kitendawili. Kwa njia hiyohiyo, usihifadhi mtungi wa alumini ukiwa na hewa nusu: moto ukija, presha haitafika ya kupasua diski kabla alumini haijalegea. Ihifadhi na bar 2 au 3 tu, imesimama, ili kama kuna maji yakae kitakoni ambako ukuta ni mnene.

Wangu ulikuwa kizima moto au chupa ya oksijeni ya ndege.

Waanzilishi walifanya sana hivyo, kabla maduka hayajajaa. Kama kitu cha kuweka kabatini ni kizuri mno. Kwa kupigia mbizi, mtungi wa gesi nyingine una historia usiyoijua na mara nyingine nyuzi na presha za ajabu, na duka likiuona litakurudishia mkononi.

Mtungi wa nchi nyingine hauna alama za hapa.

Unaweza kuwa mzima kabisa na bado usijazwe. Marekani hujaziwa mtungi usio na ICC au DOT bila sababu maalumu, na kwingine vituo vinadai alama zao. Haidro haigeuzi uraia wa mtungi. Uliza kituo kabla ya kulipia usafiri.

Kuna nyota imegongwa baada ya tarehe, muuzaji anasema ni haidro ya miaka 10.

Nyota hiyo ipo kweli kwa baadhi ya mitungi ya gesi kavu, ila sheria yenyewe imetoa mitungi ya kupumulia chini ya maji. Kwako wewe mzamiaji inabaki miaka 5, na nyota inakuambia kwamba mtungi uliwahi kufanya kazi nyingine kabla haujaingia baharini, kwa hiyo muulize muuzaji ulikuwa unabeba gesi gani.